Siku Nzima Ziwa Duluti na Watoto: Mwongozo wa Fundi Cherehani wa Sanawari

Jumamosi ya pili ya kila mwezi sifungui kibanda. Wateja wangu wa Sanawari, hapa Arusha mjini, wanalijua hilo, na mwenye harusi siku hiyo hufuata gauni lake Ijumaa jioni. Mimi nawachukua wanangu wawili na mpwa wangu, tunapanda daladala ya Tengeru, tunakwenda Ziwa Duluti.

Nilipelekwa huko mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa upande ule, na Jumapili baada ya ibada alipenda kutupitisha ziwani. Tangu hapo sijaacha kwenda. Lakini kila ninapompima mteja na kumsimulia nilikokuwa mwisho wa wiki, jibu ni lile lile: "Dada fundi, kule si kwa watalii?" Watu wamezaliwa Arusha, wamekulia Arusha, wanapita Tengeru kila wanapokwenda kuzika au kuozesha Moshi, na hawajawahi kukata kona ile. Inaniuma. Ndiyo maana nimeamua kuandika jinsi tunavyokwenda, ili mwenye kipato kama changu aone kwamba anaweza.

Mahali penyewe

Duluti ni ziwa la volkano, moja ya mashimo yaliyoachwa na milipuko ya zamani pembeni mwa Mlima Meru. Liko Tengeru, kilomita 13 hivi mashariki mwa mji wa Arusha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,290 kutoka usawa wa bahari. Hutaona mto ukimwaga maji humo. Ziwa linalishwa na mvua na maji ya chini ya ardhi. Maji yenyewe yamechukua hekta 60 na kidogo, na kandokando yake kuna msitu wa asili ambao msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Msitu huo si mpana, ila umefunga. Ukishaingia hatua hamsini husikii tena magari ya barabara kuu.

Baba aliniambia ziwa hili halina kitako. Mpaka leo utawasikia vijana wakisema lina mita mia saba kwenda chini. Watafiti waliolipima walipata mita 9 hivi pale penye kina kirefu kabisa. Nawaambia watoto ukweli huo, kisha nawaonyesha nyumba ya ghorofa tatu na kuwaambia: mita 9 ndiyo hiyo. Shimo la volkano halina ufuko wa kuteremka polepole kama bahari ya Tanga. Unasimama maji yakiwa magotini, unasogea kidogo tu, hupati pa kukanyaga. Kwa hiyo kwetu kuogelea hakupo. Maji yaliyotulia yenye majani na konokono ndiyo makazi ya kichocho, na sababu hiyo peke yake inanitosha hata kwa kuchovya miguu.

Siku na saa ya kwenda

Kuanzia Machi hadi Mei, masika ikiwa imeshika, mimi huahirisha. Udongo wa kule ni wa majivu ya volkano, ukilowa unateleza kama sabuni, na njia ya msituni ina mizizi iliyojitokeza kila mahali. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu yanamfunika Meru siku nzima, lakini watoto wanatembea bila kuchoka, kwa hiyo tunakwenda na masweta. Miezi ninayoipenda ni Januari, Februari, Septemba na Oktoba. Asubuhi ya Februari unaona Meru wote, kuanzia mashamba ya chini hadi kilele, na kivuli chake kimelala juu ya maji.

Nenda mapema. Hili nalisisitiza kuliko yote mengine, kwa sababu ndilo linaloamua kama utaipenda safari au utaijutia. Sisi tunatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, na saa moja na nusu tuko getini. Wakati huo maji yametulia, hakuna upepo, ndege wako kazini, na msitu una harufu ya majani mabichi. Ikifika saa saba mchana upepo umeanza kuyachafua maji, jua liko utosini, na ndege wamekwenda kivulini. Mtu aliyefika saa saba akaniambia Duluti hakuna kitu, mimi namuelewa. Alifika wakati wenye nyumba wamelala.

Epuka pia Pasaka, Idi, Krismasi na mwaka mpya ikiwa unachotafuta ni utulivu. Siku hizo watu ni wengi na muziki ni mkubwa. Ni furaha ya aina yake, lakini kima na ndege wote hukimbilia ng'ambo.

Mavazi

Hapa naongea kama fundi. Watu huenda msituni na jinzi. Jinzi ikilowa umande inakuwa nzito kama mkeka uliotoka mtoni, na haikauki hadi unarudi nyumbani. Nguo bora ni suruali kuukuu za shule, zile za kaki zilizochanganywa pamba. Ni nyepesi, hazipitishi miiba kirahisi, na zikichanika hakuna anayelia. Wavishe watoto soksi ndefu za shule na uchomeke ncha za suruali ndani ya soksi. Wataona aibu, wachomeke hivyo hivyo. Sababu yake nitaisema mbele. Viatu viwe raba zenye meno. Kandambili ziache nyumbani.

Mimi nimewashonea wangu vizibao vya njano kutokana na mabaki ya vitambaa. Njano haipo msituni, kwa hiyo mtoto akitangulia hatua thelathini bado namwona kati ya miti. Huhitaji fundi kwa kazi hiyo. Kata kitambaa mstatili mara mbili ya urefu wa kiwiliwili, toboa pa kupitishia kichwa, funga ubavuni kwa vikamba. Dakika kumi umemaliza.

Chukua khanga mbili. Moja ya kukalia, moja ya kumfunika mtoto atakayelala njiani kurudi. Beba vitu vyako kwenye mfuko wa turubai au kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na askari wa msitu hapendi kuiona kabisa.

Maji ya kunywa toka nayo nyumbani, lita moja na nusu kwa kila mtu. Usinywe ya ziwani hata kama umebeba sufuria ya kuyachemsha. Maji mengi ya kuzunguka Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, ndiyo yanayobadilisha meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yakipungua kwa mvuke, yaliyobaki sufuriani yana floraidi nzito zaidi. Dada yangu mkubwa alilelewa na shangazi yetu kule kijijini Maji ya Chai na anaishi na meno hayo mpaka leo, akicheka anaweka mkono mdomoni. Kwa hiyo suala la maji mimi silifanyii utani.

Usafiri

Kutoka Arusha panda daladala yoyote ya Tengeru au Usa River. Sisi tunapandia Sanawari, tunapita Philips, Kwa Mrefu, Ngulelo. Mwambie konda mapema, "Nishushe njia ya Duluti," naye atakushusha kabla ya kufika sokoni Tengeru. Ukitokea mjini, ziwa liko mkono wa kulia. Wanaotoka Moshi wapande Coaster za Arusha. Mkishapita Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River, jiandaeni, Tengeru ndiyo inayofuata, na kwenu ziwa litakuwa kushoto.

Kutoka lami utaona bodaboda wamejipanga. Ukiwa peke yako panda. Ukiwa na watoto tembea. Njia inapita kati ya migomba na mibuni, ni nusu saa kwa miguu ya mtoto wa miaka sita, na watoto wanapata kupunguza vurugu kabla ya kuingia msituni. Wasalimie watu unaowakuta. Ukikutana na mzee, watoto waseme "shikamoo" wakiwa wamesimama, wasiseme huku wanakimbia. Ni kwao, sisi tunapita.

Getini utalipa kiingilio kwa namba ya malipo, kwa simu, na utaandika jina kwenye kitabu. Beba kitambulisho cha NIDA, kwa sababu bei ya Mtanzania na ya mgeni ni tofauti. Hakikisha simu ina chaji na salio kabla hujatoka nyumbani. Nimeona familia imesimama getini dakika arobaini ikisubiri ndugu awatumie hela. Omba risiti, uitunze mfukoni. Ukitaka mtumbwi au kupiga hema, sema hapo hapo, uulize bei ya kila kitu kabla ya kuanza.

Zunguka kwa miguu kwanza

Wengi wakifika hukimbilia mtumbwi. Mimi nasema: zunguka kwanza. Njia inalizunguka ziwa lote, kilomita tatu na ushee. Kijana mwenye haraka anaimaliza kwa saa moja. Sisi tunatumia karibu tatu, na ndizo saa ninazozifuata kule.

Mwongozaji wa pale mchukue mara ya kwanza hata kama unaona njia iko wazi. Anajua matawi yaliyooza, anajua nyuki walipohamia, na anaona vitu ambavyo jicho lako litavipita. Sisi alitufundisha kusimama. Kila baada ya hatua mia, simameni kimya, hesabuni hadi sitini. Watoto wanalipenda zoezi hili kama mchezo. Hesabu ikifika arobaini hivi, msitu unaanza kusahau kwamba mpo.

Hapo ndipo mpwa wangu alipomwona kenge. Tulikuwa tumesimama penye mafunjo, na kile tulichodhani ni gogo kilitoa ulimi. Ulimi mrefu, mweusi mweusi, umegawanyika ncha, ukatoka na kurudi mara mbili. Alikuwa na urefu unaokaribia wa mpwa wangu. Ngozi yake ina madoa ya manjano yaliyopangwa kwa mistari, kama shanga za Kimaasai zilizochakaa. Akatutazama, akainua mwili kwa miguu minne, akaingia majini taratibu bila kurusha tone, na tukamfuata kwa macho kwa ule mkunjo wa maji uliokuwa unasogea. Mtoto alinishika kidole na hakukiachia kwa muda. Kenge hana shida na mtu asiyemfuata. Mpe nafasi, usimrushie kitu.

Juu ya miti sikiliza kwanza, ndipo utazame. Hondohondo utamjua kabla hujamwona. Mbawa zake zinavuma kama mtu anayekung'uta turubai. Kima wanatembea kwenye matawi ya mikuyu, na ukisikia maganda na vitunda vikianguka, wako juu yako wanakula. Kwenye miti mikavu ya ukingoni utamkuta furukombe, kichwa na kifua cheupe, anayelia huku amerudisha kichwa nyuma. Kwenye matawi yaliyoinamia maji kuna mdiria mkubwa, na majini kuna mnandi anayetandaza mbawa ajikaushe. Mwanangu wa kwanza ana daftari la kuandika kila ndege anayemjua kwa jina. Asiyemjua anamchora, na mwongozaji anamtajia.

Sasa siafu. Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, vuli imeanza, tulisimama kuhesabu sitini na mpwa wangu akasimama juu ya njia yao. Siafu hawaumi wakianza kupanda. Wanapanda kimya, wakishafika mapajani ndipo wanauma kwa pamoja. Mtoto alipiga yowe ambalo sijalisahau. Alikuwa na kaptura siku ile, kosa langu. Nilimnyanyua nikakimbia naye mbele hatua kama ishirini, nikamvua kila kitu, nikaanza kung'oa mmoja mmoja. Vichwa vyao vinabaki vimeshika ngozi hata mwili ukikatika, kwa hiyo bana karibu na ngozi kwa kucha, uvute. Usimwagie maji, usipoteze muda kupangusa. Kwanza ondoka kwenye mstari wao, maana ukisimama hapo hapo wengine wanaendelea kupanda. Tangu siku ile suruali ni ndefu na zimechomekwa kwenye soksi, na anayetangulia ana kazi moja, kutazama chini kabla hatujasimama. Ukiona mstari mweusi unaotembea umekatiza njia, ruka kwa hatua ndefu, mmoja baada ya mwingine, msonge mbele.

Mkifika upande wa mbali wa ziwa, pumzikeni. Huko ndiko ninakowapa watoto chai ya tangawizi kwenye chupa, na ndiko baba alikokuwa anakaa, mgongo kwenye mti, kofia magotini. Sitaelekeza ni mti gani.

Mtumbwi

Mkitoka kwenye mzunguko, upepo haujaanza bado na watoto wametulia. Ndio wakati wa kupanda mtumbwi. Atakayewapeleka ni mtu wa pale. Wewe kazi yako ni kukagua jaketi okozi kabla hujamvisha mtoto.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka michache nyuma, mahali pengine penye maji, tuliletewa majaketi mazuri kwa macho, rangi ya machungwa bado inang'aa. Mimi kwa mazoea ya kazi nikashika mshono wa begani nikavuta. Uzi ukakatika kama wa buibui, mkanda ukabaki mkononi mwangu. Jua lilikuwa limeula uzi miaka mingi na hakuna aliyetazama. Tulirudi nyumbani bila kupanda, watoto wakilia. Waache walie.

Namna ya kukagua ni hii. Shika mkanda wa begani na mwili wa jaketi, vuta kwa nguvu ya kufungua chupa iliyokaza. Ukisikia mlio wa kukatika uzi, lirudishe. Geuza ndani uone kama mshono umefifia kuliko kitambaa. Uzi uliopauka ni uzi uliokufa. Funga na fungua kila kifungo cha plastiki mara mbili, kikiachia chenyewe kikivutwa, lirudishe. Bonyeza povu: likibaki na alama ya kidole, limechoka. Kisha mvishe mtoto, kaza mikanda yote, mshike kwa mabega ya jaketi, umnyanyue. Jaketi likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, majini litamponyoka. Omba dogo zaidi. Kama halipo, mtoto huyo hapandi, tutakaa ukingoni mimi na yeye tukiwangoja wenzetu. Tumeshafanya hivyo mara mbili.

Kwenye mtumbwi, mzito anakaa katikati, hakuna anayesimama, na mikono haining'inii nje. Mwombe mpiga kasia apite karibu na ukingo, si katikati. Katikati kuna maji tu. Ukingoni ndiko kwenye mafunjo, viota, na kenge wanaoota jua, na kutoka majini unauona msitu kwa namna ambayo hukuuona ulipokuwa ndani yake. Nusu saa inawatosha watoto. Ikizidi wanaanza kusukumana.

Chakula

Chakula chetu ni cha kawaida: viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, mayai, parachichi. Ndizi mbivu sipeleki tena. Kima akiona ndizi anaona haki yake, na kima aliyezoea kulishwa na watu mwishowe anamparura mtoto. Usimpe hata ganda. Mnapokula, mfuko wa chakula ukae kati ya miguu ya mtu mzima, umefungwa. Moto usiwashe popote ila mahali ulipoonyeshwa. Na kila mlichokuja nacho mrudi nacho, hata maganda ya mayai. Sisi tuna mfuko wake kabisa wa turubai, naufua nikifika.

Mkitaka kulala, kuna mahali pa kupiga hema. Nililala usiku mmoja na wanangu. Komba walilia usiku kucha kama watoto wachanga, wa kwangu wakanishikilia kila upande. Ukienda kulala, beba blanketi zito. Kule juu usiku wa Julai ni baridi ya kweli.

Mkishatoka ziwani

Soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Hii ndiyo sababu nyingine ya mimi kuchagua Jumamosi: ziwa asubuhi, soko mchana. Nunua ukirudi, si ukienda. Mikungu ya ndizi, parachichi, mboga za Wameru kutoka mlimani, bei yake na ya mjini hazifanani. Akina mama wanaopika pembeni wana mtori na ndizi nyama. Kula hapo.

Kama watoto wako wamefika umri wa kuuliza maswali, waulizie makaburi ya Wapoland, hapo hapo Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 waliletwa hapa wakimbizi karibu 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia na kuzunguka dunia kabla ya kufika kwenye migomba yetu. Makaburi karibu 150 yapo, yametunzwa. Mwanangu alisoma tarehe kwenye kaburi moja, akatoa hesabu, akakuta aliyelala pale alikuwa na umri mdogo kuliko wake. Hatukuongea sana baada ya hapo.

Na watakaotaka zaidi, mbele kidogo ya Tengeru, pale Usa River, kuna kona ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ile ni safari ya pili, usiichanganye na hii siku moja. Ni hifadhi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Huko kuna maziwa ya Momella yenye magadi, kila moja na rangi yake, yenye heroe. Kuna nyati, twiga, na mbega wenye mikia kama pazia jeupe. Utahitaji gari. Sisi tuliungana familia tatu tukakodi Noah. Kutembea kwa miguu ni lazima uwe na askari mwenye bunduki, na kwenye kreta ya Ngurdoto unatazama ukiwa juu ukingoni, kushuka hairuhusiwi. Ingia na kitambulisho kama kule Duluti, na ingia asubuhi geti linapofunguliwa. Lakini anza na Duluti. Mtoto aliyejifunza kusimama kimya kwa hesabu ya sitini ndiye atakayemwona mbega.

Kurudi, simameni barabarani mapema kabla ya saa kumi na moja. Jumamosi jioni magari ya kutoka sokoni yanajaa mikungu na watu. Mkifika nyumbani, kabla ya kuoga, vueni nguo zote nje na mkaguane kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Kupe mng'oe kwa kibano, karibu na ngozi, uvute moja kwa moja bila kusokota, upapake spiriti, na uandike tarehe. Homa ikija wiki mbili zinazofuata, nenda zahanati ukawaambie mlikuwa msituni. Kisha loweka soksi. Udongo ule ukikaukia kwenye soksi nyeupe, hata jiki hailitoi doa.